Jina Ambalo Justina Hakulitaja

Justina aliambiwa kwamba dokta anakuja kuangalia vichwa. Basi asubuhi ile alimketisha mumewe kwenye kigoda, akamnyoa kwa wembe mpya, akampaka samli mpaka kichwa kikang'aa. Hakutaka mgeni akikute kichwa cha Gidahosh kichafu. Nesi Zita wa zahanati ya shamba alipopita na kuona kazi ile, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Bernadina, wanaangalia ndani, siyo nje!"

"Ndani nitafikaje na wembe?" Justina alimjibu. "Mimi nimefanya sehemu yangu."

Wakati huo walikuwa wanaishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la ngano la serikali, upande wa Balangdalalu, katika nyumba ya bati yenye chumba kimoja na jiko la nje. Gidahosh alikuwa dereva wa trekta, mmoja wa vijana wachache wa Kidatoga waliopewa usukani. Wenzake kutoka mikoa mingine walikuwa wanamtania kila jioni. "Mang'ati huyu anachunga ng'ombe wa chuma!" walisema. "Leo amekunywa debe ngapi za dizeli, huyo ng'ombe wako?" Naye alikuwa anawajibu, "Wangu hapigwi na ugonjwa wa kwato. Wa baba yako je?" Alikuwa mtu wa maneno, mwenye kujipenda, na Jumapili aliifuta trekta kwa kitambaa kama mtu anayemsugua fahali wa maonyesho.

Justina alimpenda hivyo hivyo. Alikuwa amebatizwa kwa masista kule Mogitu, akajifunza Kiswahili cha kuombea maji na kuuliza bei, lakini mambo ya boma la mumewe aliyashika yote. Tangu siku alipoingia pale akiwa bibi harusi, hakuwahi kulitaja jina la baba mkwe. Kwa wanawake wa kwao hilo si adabu ndogo. Mke halitaji jina la baba wa mumewe, awe hai au awe amekufa. Likitajwa mbele yake huinamisha macho na kunyamaza, na hata akiulizwa kama ndilo, haitiki. Kuitika ni sawa na kulitaja. Hata neno la kawaida linalofanana nalo hulikwepa, akatafuta jingine.

Jina lenyewe lilikuwa Gidamis. Alikuwa mzee mwenye ng'ombe na wana wengi, na alipofariki ukoo ulimpa heshima kubwa kuliko zote: alizikwa kwa tuta. Si kila mtu huzikwa hivyo. Kwa miezi mingi watu walikuja kuongeza udongo na fito, tuta likapanda juu kuliko mtu aliyesimama, na siku ya kulimaliza pombe ya asali ilinywewa na watu wa mbali ambao Justina hakuwajua hata kwa sura. Tuta lilibaki pale uwandani, likaota nyasi, na mtu aliyepita na ng'ombe wake alijua kwamba pale yupo fulani.

Kisha shamba likapanuka. Eneo jipya lilipopimwa, tuta la Gidamis likawa katikati yake. Wazee walikwenda ofisini, wakaambiwa makaburi yataachwa. Kwa hiyo Gidahosh alipopangiwa kulima kipande kile hakuwa na wasiwasi. Alijua atalizunguka tuta na kuendelea. Alilizunguka mara ya kwanza. Msimamizi akaja na pikipiki, akamsimamisha.

"Mbona unachora duara kama mtoto? Ngano inataka mistari iliyonyooka."

"Pale kuna kaburi, mkuu."

"Naona kichuguu."

"Ni baba yangu."

Msimamizi alitazama saa yake. Alimwambia kwamba asipolima yeye atalima mwenzake, na yeye atarudi kuchunga mbuzi wa watu. Gidahosh alikaa na mkono kwenye gia kwa muda mrefu, injini ikinguruma. Halafu akashusha plau. Haya yote alimsimulia mkewe jioni ile kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akila ugali, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Justina kumsikia akisimulia jambo likawa na mwanzo na mwisho.

Wiki ile usingizi ulimkimbia. Wiki iliyofuata alianza kumjibu mtu ambaye hakuna mwingine aliyemwona. "Naam," alikuwa akisema, "naam, nimekuja, naliinua tuta." Kisha akawa anatoka nje, anasimama kando ya ngano na kuita kwa nguvu, "Gidamis! Gidamis!" Nyumbani Justina aliinamisha macho kila jina lilipotoka, na lilitoka asubuhi, mchana na jioni. Wenzake wa trekta waliacha utani. Mmoja wao alimfunga kwa kamba siku alipojaribu kung'oa ngano kwa mikono.

Hapo ndipo Dokta Sulle alipokuja.

Alikuwa mtoto wa nyanda za juu za Mbulu, Mwiraqw, mwana wa mkulima wa ngano na maharage, na alikuwa amesoma nchi za nje mpaka akawa mtafiti wa magonjwa ya akili. Alikuwa mpole. Aliwasalimu wazee shikamoo hata wale waliokataa kumwangalia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumfungua Gidahosh kamba kwa mikono yake mwenyewe, na kwa hilo Justina angemfuata mpaka mwisho wa dunia. Alieleza kwamba anatafuta wagonjwa wa namna hii ili wapigwe picha ya ubongo kwa mashine iliyoko Nairobi, kabla ya dawa na baada ya dawa. Muda wote wa utafiti, alisema, sindano itatoka kwake. Utafiti ukiisha, shamba litaendelea kumtibu mfanyakazi wake katika zahanati, endapo itaonekana kwamba ugonjwa umetokana na kazi.

Maneno hayo ya mwisho Justina aliyashika kama mtu anayeshika mtoto mtoni.

Mahojiano yalifanyika katika ofisi ya meneja. Dokta hakujua Kidatoga, basi aliletwa Hermani, katekista wa Endasak, aliyekijua tangu utoto na aliyekuwa ameajiriwa katika stoo ya shamba. Meneja mwenyewe alikaa pembeni, akisema hana neno, amekuja kusikiliza tu.

Justina alieleza. Alisema mumewe alikuwa mzima, mcheshi, mpaka siku alipopelekwa kulima kaburi la baba yake. Hermani alitafsiri, akitazama sakafu.

Meneja akakohoa. "Dokta, hakuna kaburi lililolimwa katika shamba hili. Hizi hadithi zipo nyingi. Wanataka ardhi irudi."

Dokta Sulle alimgeukia Justina. "Mama, nisaidie. Mumeo anamwita mtu siku nzima. Anaita Gidamis. Huyu Gidamis ni nani?"

Justina aliinamisha macho.

"Ni mtu aliyekuwapo kweli? Ni jirani? Ni yule baba unayemsema? Nipe tu jina la mwenye kaburi, nami nitakwenda kwa wazee kuulizia."

Chumba kilikuwa kimejaa wanaume. Jina lilikuwa linaning'inia mbele ya uso wake na alichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Alikumbuka mama mkwe wake, alikumbuka siku ya pombe ya asali, alikumbuka kila mara alipolikwepa lile neno kisimani wanawake wenzake wakimsikiliza. Akamwambia Hermani kwa Kidatoga, polepole, "Mwambie amuulize mwanamume. Mwanamume yeyote wa ukoo. Wewe unajua kwa nini."

Hermani alijua. Alikuwa ameishi na Wadatoga maisha yake yote. Alimtazama meneja, akalamba midomo, akasema kwa Kiswahili, "Anasema hajui."

Kiswahili cha Justina kilikuwa kidogo, lakini *hajui* alilielewa. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, kwa sababu ndani yake, chini ya hofu yote, alijisikia ametuliwa mzigo: swali limepita, na jina halikumtoka. Dokta aliandika. Alimshukuru. Akaendelea kuuliza juu ya usingizi na chakula.

Safari ya Nairobi walikwenda wote wawili. Justina alimwona mumewe akilazwa juu ya kitanda chembamba na kusukumwa kichwa kwanza kwenye tundu la mashine, na alishangaa kuona ametulia. Baadaye dokta alimwonyesha picha kwenye kioo chenye mwanga. Kichwa kilikuwa kimekatwa kama kibuyu kilichopasuliwa kati, cha kijivu, na katikati palikuwa na nafasi nyeusi zenye umbo la kipepeo.

"Hivi ni vyumba vya maji," dokta alisema. "Kila mtu anavyo. Vya mumeo vimepanuka. Unaona? Hii siyo laana, mama. Hakulogwa. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na unaonekana kwa macho."

"Na alicholima kinaonekana?"

Dokta alitabasamu kwa huruma. Alidhani hakuelewa.

Sindano ilifanya kazi. Hilo Justina hakulikana hata alipokuwa na hasira nyingi kuliko zote. Kwa muda wa miaka miwili Zita alikuwa akimdunga kila mwezi, na Gidahosh alirudi, si yule wa maneno mengi, bali mtu mzito, mwenye kutembea polepole, aliyeweza kumbeba binti yao Bernadina mabegani na kukumbuka majina ya ng'ombe. Kuita kulikwisha. Alipewa kazi ya kufagia karakana. Wenzake walianza tena kumtania kidogo, kwa uangalifu, kama watu wanaojaribu maji ya moto kwa vidole.

Halafu makala ya dokta ikatoka.

Zita ndiye aliyeileta habari. Nakala ilikuwa imetumwa kwa uongozi wa shamba, na kwa kuwa yeye alisoma Kiingereza cha uuguzi, aliitwa ofisini kuwasaidia kufafanua. Alikuja nyumbani kwa Justina mchana huo huo, akakaa kwenye kigoda, na hakugusa chai.

"Mumeo yumo," alisema. "Hawakuandika jina, wameandika mgonjwa wa saba. Picha yake ipo, ile ya kibuyu."

"Wamesema nini?"

"Wamesema ugonjwa ulianza wenyewe. Kwamba hakuna tukio lolote lililoutangulia. Ni ubongo tu, Mama Bernadina. Na wamesema mgonjwa alikuwa akimwita mtu wa kufikirika, ambaye hata mke wake hamjui."

Justina aliendelea kupuliza moto uliokuwa umeshawaka.

"Meneja alinisomesha mstari huo mara mbili," Zita akaongeza. "Amefurahi. Ugonjwa haukutokana na kazi, basi shamba halihusiki. Na utafiti wa dokta umekwisha. Sindano niliyonayo kabatini ndiyo ya mwisho."

Waliondolewa kwenye nyumba ya bati kabla ya mavuno. Walirudi kwenye boma, kwa mama mkwe, na Gidahosh akarudi kusimama kando ya ngano. Alikuwa anaita kwa sauti iliyokauka, na sasa hakukuwa na mtu wa kumfunga wala wa kumfungua.

Makala ile ilizaa nyingine. Justina alizisikia kwa vipande kutoka kwa Zita: moja ililinganisha vichwa vya wagonjwa na vya watu wasio wagonjwa, nyingine ilisomwa Ulaya mbele ya mkutano, nyingine ikasema kwamba hata pasipo na tukio lolote baya maishani vyumba vile hupanuka, na mfano wake mkubwa ulikuwa mgonjwa wa saba. Dokta Sulle akawa profesa. Parokia ya kwao Mbulu ikaandaa misa ya shukrani na chakula, kwa kuwa hakuna mtoto wa milima ile aliyewahi kuandika maandiko mengi namna ile yakasomwa na dunia.

Justina alikwenda. Alipanda lori la mahindi mpaka Mbulu, akiwa na gauni la ngozi la wanawake walioolewa na rozari ya masista shingoni, na alipofika ukumbini watu wa mlimani walimkodolea macho. "Huyu Mang'ati katokea wapi?" mwanamke mmoja alinong'ona. "Labda ni mgonjwa wa profesa," mwingine akamjibu, na meza nzima ikacheka na vitambaa mdomoni.

Hermani alikuwapo pia, amekaa na makatekista wenzake. Alipomwona Justina aliacha kutafuna.

Mwalimu mmoja alisimama kusoma vichwa vya maandiko yote ya profesa, kimoja baada ya kingine, kwa Kiingereza, na baada ya kila kimoja watu walipiga makofi bila kuelewa. Makofi yalipotulia Justina akasimama. Hakuomba ruhusa.

"Shikamooni wazee," alisema kwa Kiswahili chake cha kisimani. "Profesa, uliniuliza Gidamis ni nani."

Hermani akainuka nusu, kama mtu anayetaka kumzuia mtoto asianguke motoni. Yeye peke yake pale ndani ndiye aliyeelewa kilichotendeka.

"Gidamis ni baba wa mume wangu," Justina alisema. "Gidamis alizikwa kwa tuta. Mume wangu ameambiwa alime, amelima. Gidamis alikuwapo. Muulize Hermani."

Profesa Sulle alimtoa nje kwa upole, wakaketi kwenye benchi nyuma ya sakristia. Hakuwa amekasirika. Alimuita Hermani, naye Hermani alisimama mbele yao akikunja kofia yake.

"Ni kweli," Hermani alisema. "Wanawake wao hawataji jina la mkwe. Aliniambia nikwambie umuulize mwanamume."

"Na wewe ukasema hajui."

"Meneja alikuwa ananitazama, Profesa. Nilikuwa na watoto."

Profesa alifunika uso kwa viganja. Justina akapata tumaini. Alilieleza haraka, kabla halijapoa: aandike barua kwa shamba. Aandike tu kwamba kulikuwa na tukio. Basi sindano itarudi zahanati, na Zita atamdunga, na Gidahosh ataweza tena kumjua mtoto wake.

"Mama Bernadina," profesa alisema hatimaye, "picha yake haitabadilika. Vyumba vimepanuka, hilo ni kweli, na lingekuwa kweli hata kama ungelisema hilo jina siku ile."

"Sikusema si ugonjwa. Nimesema ulianzia wapi."

"Naelewa. Lakini nikiandika kwa shamba kwamba kulikuwa na tukio, nitakuwa nimesema makala si sahihi. Na juu ya makala ile kuna nyingine, na juu ya hizo kuna wanafunzi wangu. Nimewatoa watu kwenye kamba kwa maandiko hayo. Wilaya nzima walikuwa wanawafunga."

"Wangu ulimfungua wewe mwenyewe," Justina alisema. "Nakumbuka. Sasa umemwacha pale pale."

Profesa aliahidi kuulizia dawa katika hospitali ya mkoa, na pengine aliulizia. Kabla hawajaachana alimpa nakala ya makala ya kwanza, akaitia saini juu, kwa kuwa hakujua ampe nini kingine.

Habari ilimtangulia nyumbani, kwa maana minada ina midomo mingi. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake. Justina alimsalimu, na kikongwe hakuitikia.

"Umemwita mume wangu mbele ya walaji," alisema. "Kama mtu anayemwita mbwa kwenye mifupa."

"Mama, nilikuwa natafuta dawa ya mwanao."

"Umeileta?"

Justina hakuwa ameileta. Tangu siku hiyo kikongwe hakupokea tena kibuyu cha maziwa kutoka mkononi mwake. Wanawake wa boma walikaa kikao, wakamtoza asali, naye akailipa. Wangemsamehe mapema zaidi, mmoja alimwambia, kama jina lile lingekuwa limenunua kitu.

Gidahosh alifariki mwaka ambao baridi ya Julai ilikuwa kali kuliko kawaida. Alikutwa asubuhi katikati ya ngano changa, amelala kifudifudi, vidole vyake vimejaa udongo. Ukoo ulitaka kumlaza karibu na baba yake, lakini ardhi ilikuwa imesawazishwa miaka mingi na kila mzee alinyoosha kidole upande wake. Aliyepajua mahali pale hasa alikuwa ni marehemu. Walimzika kando ya barabara ya matrekta, bila tuta, maana hakuwa mtu wa kuzikwa kwa tuta.

Bernadina alikuwa kidato cha tatu alipoitoa ile nakala chini ya godoro la mama yake na kuisoma kwa msaada wa kamusi. Justina alikuwa anachambua maharage. Alimsikia mtoto akisitasita juu ya Kiingereza, akigeuza kurasa mbele na nyuma, mpaka akafika.

"Mama. Hapa wanasema alikuwa anaita mtu wa kufikirika. Gidamis." Aliinua kichwa. "Si ndiye babu?"

Mjukuu hakatazwi jina hilo. Damu yake ndiyo iliyolibeba.

"Liseme tena," Justina alisema.

"Gidamis."

"Kwa sauti."

Bernadina alilitaja kwa sauti, likatoka mlangoni likaenda zake nje, palipokuwa na ngano. Justina akainamisha macho kama inavyompasa mke, akaendelea kuchambua maharage.